Kuchagua Sakafu

Tangi nililinunua kwa afisa wa benki aliyehamishiwa Singida,
elfu themanini, na ufa pembeni
aliosema si ufa, ni mkwaruzo.
Likapanda guta toka Forest hadi Sae,
nami nikitembea ubavuni
kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Wiki nzima likakaa sebuleni, tupu.
Subilaga akawa analipitia na ufagio.
"Mwenzetu umejenga nyumba bila sakafu."

Basi nikaanza kutafuta cha kutandika.

Dukani Mwanjelwa wana kokoto za buluu,
buluu ya ndoo za plastiki,
buluu ambayo sijaiona katika mto wowote.
Nikaziloweka bakulini. Asubuhi
maji yalikuwa na rangi,
kokoto zimebaki na aibu.

Nikaenda na kiroba barabara ya Tukuyu,
kwenye yale mawe mepesi ya kusugulia visigino.
Nikayaosha, nikayapanga, nikamimina maji:
sakafu yote ikapanda juu.
Lugano alicheka hadi akakaa chini.
"Baba, hiyo ni dari."

Mchanga wa Nzovwe, aliobakiza fundi Mwampashi
kwenye choo cha jirani, niliuosha ndoo tisa,
na ndoo ya tisa ilikuwa chai ya maziwa
sawasawa na ya kwanza.

Yakabaki marumaru ya Songwe, vipande vyeupe, safi.
Mwalimu Tumwitike, wa kemia, akaniambia,
"Kamulia limau kwanza."
Nikakamua. Jiwe likatoa povu, likanong'ona
kama aliyeguswa kidonda.
"Lina chokaa hilo. Samaki wa mtoni litamsumbua,
wa ziwani atalipenda. Wako ni wa wapi?"
Sikuwa na samaki.
Nilikuwa na swali tu, lenye kuta nne za kioo.

Usiku huo nikamwona mama, Kandete, siku ya Jumamosi,
magoti chini, mkono kwenye udongo na samadi,
akisiriba sakafu, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni
asiache unyayo.
Sisi tuko nje tunangoja pakauke,
baridi ya Juni inatutafuna vidole.
"Mgeni huangalia paa," alikuwa akisema,
"mwenye nyumba huijua sakafu."
Nilipojenga Sae nikaweka vigae vya kung'aa.
Alikuja mara moja. Akavua viatu, akasimama,
akaomba kipande cha mkeka.

Mwezi wa saba shemeji Ambokile akapanda toka Kyela
na dumu lililotobolewa juu,
ndani samaki wawili, dume na jike,
na fuko la mchanga wa Matema, zito kama mtoto aliyelala.
"Nimewaletea na kitanda chao."
Mchanga wa kahawia, wenye chembe nyeusi hapa na pale,
na ganda moja la konokono, dogo kuliko kifungo.
Nikausuuza mara mbili tu, maji yakatulia.
Nikautandaza kimo cha vidole viwili,
nikausawazisha kwa rula ya Lugano
kuanzia nyuma kuja mbele, kinyumenyume.
Nikawasha hita. Nikazima taa.

Dume lilikuwa la buluu.
Ile ile ya dukani. Kumbe ipo.

Halikulala. Lilichota mchanga kwa mdomo,
likaenda kuutema kwenye kona, likarudi, likachota,
na kulipokucha kona ilikuwa Loleza
na katikati kioo kitupu.
Subilaga akasimama na kikombe chake.
"Umemchagulia mwezi mzima," akasema.
"Yeye kachagua usiku mmoja."

Nikakunja mkono wa shati nirudishe usawa.
Maji yakafika kwenye kiwiko. Jike likanitazama.
Nikautoa mkono.

Chembe tatu zilining'ang'ania kidoleni.
Nikazipangusa, zikaanguka kwenye vigae.
Hazionekani.
Ukipita peku, unazisikia.